UZI: Simuleta za ndege za kizazi kijacho, tuache kuuliza kuhusu mawingu

KipangaMweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapovuja picha ya simuleta mpya, maneno ni yaleyale. Mawingu hayo! Maji hayo! Tazameni kivuli cha bawa kwenye lami! Mawingu sina ugomvi nayo. Ila naona tumekuwa watu wa kuulizia kitu ambacho kila kizazi hukileta bila kuombwa, na kunyamazia vile vinavyoamua kama miaka kumi baadaye bado tutakuwa tunaruka na programu hiyo au tutakuwa tunaisimulia tu.

Turudi nyuma kidogo. Bruce Artwick alianza kuunda simuleta yake kwenye kompyuta ya Apple II: mistari michache kwenye skrini, nusu ya picha unaijazia mwenyewe kichwani. Mwaka 1982 Microsoft wakaitoa simuleta yake kwa IBM PC, na uwanja wa kuanzia ukawa Meigs, Chicago, ukingoni mwa ziwa. Ule uwanja uliingia watu damuni. Usiku mmoja wa Machi 2003 meya Richard M. Daley alipopeleka mabuldoza yakauchimba uwanja halisi, waliohuzunika ni pamoja na watu wasiowahi kukanyaga Chicago, ila waliwahi kuanguka ziwani pale mara nyingi kuliko wanavyopenda kukiri.

Sasa ruka hadi Oktoba 2006, FSX (Flight Simulator X ya Microsoft). Ilitoka nzito kuliko kompyuta za wakati wake. Januari 2009 Microsoft wakaivunja studio ya Aces iliyoitengeneza. Kwa hesabu ya kawaida, programu iliyopoteza wazazi wake namna ile inazikwa. Hii iliishi zaidi ya miaka kumi mingine, kwa sababu ndani yake mlikuwa wazi: unafungua folda, unaona faili za ndege, unabadilisha namba, unaweka uwanja wako. Kulikuwa na SimConnect ya kuunganisha programu za nje. Watu wakajenga ndege, viwanja, hali ya hewa, trafiki, hadi ikafika mahali FSX yenyewe ilibaki msingi tu na nyumba nzima imejengwa na wengine.

Kisha 2012 ikaja Microsoft Flight. Nzuri kwa macho, nyepesi kwa mashine, kisiwa kikubwa cha Hawaii unapewa bure. Wajenzi wa nje hawakuruhusiwa kuingia. Ilitoka Februari, na Julai ya mwaka uleule utengenezaji wake ukasitishwa. Dovetail, kampuni nyingine ya michezo ya kompyuta, nao walijaribu na Flight Sim World 2017, mwaka uliofuata wakatangaza kuifunga. Hizo zote mbili ziliitwa kizazi kipya. Zote mbili zilikuwa na picha nzuri kuliko FSX, na FSX ikazizika.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa yeyote anayekuja na simuleta mpya ni: nani anaruhusiwa kujenga juu yake, na kwa masharti gani? Je, ndege niliyonunua kwenye kizazi hiki itavuka nami, au nitanunua tena ileile ikiwa na jina lenye namba mpya? Kuna muuzaji mmoja wa nyongeza, simtaji, alituuzia ndege moja kwa matoleo matatu ya simuleta na kila toleo bei kamili. Kisheria yuko sawa. Nimeacha kununua kwake.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi: seva.

Dunia ya Microsoft Flight Simulator ya 2020 imejengwa kwa data ya ramani za Bing inayozidi petabaiti 2. Hakuna diski ya nyumbani inayobeba hiyo, kwa hiyo ardhi inakufuata kupitia intaneti kadiri unavyoruka. Toleo la sanduku la 2020 lilikuja na DVD 10, na bado dunia yenyewe ilikuwa inatoka hewani. Toleo la 2024 likaenda mbele zaidi: nafasi inayotakiwa kwenye diski ikashuka kutoka GB 150 hadi GB 50, kwa sababu hata vitu vingine vilivyokuwa vinakaa kwako sasa vinaitwa kutoka kwao. Tarehe 19 Novemba 2024 ilipofunguliwa, mfumo wao wa kuhifadhi data ukazidiwa na wingi wa watu. Wengi walikaa wakitazama upau wa kupakia, na walioingia wengine walikuta ndege hazipo. Wakuu wa mradi, Jorg Neumann na Sebastian Wloch, walitoa video kueleza kilichotokea, na hilo niliwaheshimu.

Siku ile ilipita, siilaumu tena. Ninachouliza ni kuhusu siku ya mwisho, ile ambayo kampuni itasema huduma hii haina faida. FSX ya DVD bado unaweza kuiweka kwenye mashine leo ukapaa. Za sasa zikizimiwa seva zitabaki na nini? Kizazi kijacho kiniambie kiasi gani cha dunia naweza kukiweka kwangu, hata kama ni jimbo moja na viwanja vyake, na kama programu itafunguka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Haya ya mfumo wa kuruka nawaachia wanaoyajua. Karibuni.

PuaJuu

Nimeweka kambi hapa. Ila Flight ya 2012 mimi niliipenda, msinipige mawe.

MamaPropela

Kaka Kipanga, historia umeiweka vizuri. Kwenye picha nakupinga.

Unaongea kama mtu wa ndege kubwa: unapanda hadi futi 36,000, unawasha rubani otomatiki, unasoma vioo. Kwako ardhi ni pambo. Mimi naruka kwa macho, ndege ndogo, futi 2,000 juu ya ardhi, ramani kwenye goti. Kwangu picha ndiyo chombo chenyewe cha safari. Natakiwa nione mto unapopinda, reli inapokata barabara, kinu kwenye kilima, ndipo nijue niko wapi. Enzi za FSX ya kawaida ulikuwa unaruka juu ya vigae vya kijani vinavyojirudia, mji mmoja ni kopi ya mwingine. Huwezi kusafiri kwa macho juu ya zulia. Ilipokuja 2020 na picha za setilaiti, kwa mara ya kwanza nilizima GPS na nikafika.

Na hata hiyo haijaisha, kwa hiyo bado nina haki ya kuulizia picha. Mnakumbuka mnara wa ghorofa 212 uliosimama katikati ya nyumba za kawaida Melbourne? Mtu alikuwa ameandika 212 badala ya 2 kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, mashine ikachukua namba ikajenga bila kushangaa. Tulicheka, watu wakaenda kutua juu yake. Lakini ni kitu kilekile kinachonipa nguzo za umeme mahali pasipo na nguzo, na kuninyima mnara wa maji ambao kwenye ramani yangu ndio alama kuu. Nataka kizazi kijacho kiwe na njia ya mimi kuripoti kosa kama hilo, na lirekebishwe kwa wote.

Kuhusu seva, nakuunga mkono mia kwa mia. Ingawa tukubaliane, huwezi kutaka petabaiti mbili na pia utake DVD.

KipangaMweupe

Dada MamaPropela, hapo kwenye kuruka kwa macho umenibana. Basi niseme hivi: picha ikiwa ramani, naitaka. Ikiwa tangazo, hapana.

BawaKwaBawa

Mkuu umeniachia mlango wa mfumo wa kuruka, naingia na viatu.

Simuleta nyingi za zamani zilikuwa zinasoma majedwali. Kasi hii, pembe hii ya bawa dhidi ya upepo, basi mnyanyuo ni huu na mburuto ni huu, na ndege nzima inachukuliwa kama nukta moja. Ukiruka kistaarabu huoni tatizo lolote. Ipeleke kwenye stoli, yaani bawa lipoteze mnyanyuo, iache izunguke ikishuka, ndipo unakuta jedwali limefika mwisho na ndege inaanza kufanya mambo ya ajabu, au haifanyi chochote, ambayo ni mbaya zaidi kwa mtu anayejifunza.

Austin Meyer na simuleta yake, X-Plane, walichukua njia nyingine tangu mwanzo. Bawa linakatwa vipande, mkia vipande, propela vipande. Kila kipande kinapigiwa hesabu: hewa inakijia kwa kasi gani, kwa pembe gani, kinasukuma kiasi gani. Kisha zote zinajumlishwa, na kazi hiyo inarudiwa mara nyingi kila sekunde. Uzuri wake ni kwamba stoli inaweza kuanza kwenye bawa moja kabla ya jingine, kama inavyotokea kweli, bila mtu kuandika mstari unaosema "hapa ndege ianguke kushoto". Ubaya wake ni kwamba ukichora bawa vibaya kidogo unapata ndege mbaya, na wengi wanaouza ndege ni wachoraji hodari kuliko walivyo wahandisi.

Asobo, watengenezaji wa simuleta ya Microsoft, nao 2020 waliiacha ile nukta moja, wakagawa ndege katika sehemu nyingi zinazoguswa na hewa, na 2024 wakaongeza. Namba wanazotangaza hazinipi joto wala baridi. Mimi nina kipimo changu. Chukua Cessna 172, weka nguvu zote, acha miguu mbali na pedali. Pua isipovuta kushoto, funga programu. Kisha tua ukiwa na kasi iliyozidi kidogo: ukikaribia lami ndege ikatae kukaa, ielee, ikumalizie nusu ya uwanja, kwa sababu karibu na ardhi mburuto unapungua. Halafu upepo wa ubavuni, si hewani tu, hata ukiwa unatembea kwenye lami. Hapo matairi ndipo simuleta nyingi zinaumbuka. Hewani zinaruka vizuri kabisa, zikigusa chini zinateleza kama sabuni.

Na kwa wale wanaouliza kila mara kama saa za simuleta zinahesabika kwenye mafunzo ya urubani: X-Plane inatumika kwenye vifaa vilivyoidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, lakini kinachoidhinishwa ni programu pamoja na vifaa vyake kama kitu kimoja. Ya mezani kwako haikuandikii saa hata moja. Inakufundisha utaratibu, na hiyo si kidogo.

LamiNdefu

Mimi ni fundi wa chumba cha rubani, kwa hiyo nina wivu wangu.

Nyumbani nina paneli ya Boeing 737 niliyoijenga kipande kwa kipande: swichi, taa, vifundo, vyote vinaongea na kompyuta kupitia Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki) na MobiFlight, ambayo ni programu huria na walioitengeneza Mungu awabariki. Chini ya hayo yote kuna SimConnect. Mkuu Kipanga ameitaja kwa kupita, mimi nataka niisimamie. Ilikuja na FSX, na ikaendelea 2020 na 2024. Hiyo ndiyo sababu swichi niliyoifunga zamani bado inawasha taa leo. Hakuna aliyepiga picha ya jambo hilo akaiweka kwenye tangazo.

Kizazi kipya kinachosema "tumeandika upya kila kitu" kwangu ni habari ya kutisha. Kila kitu maana yake na mlango wangu pia. Waandike upya, sawa, lakini mlango wa zamani ukae kwa muda, na vigeuzo vyote vya ndege viwe wazi kusomwa. Kuna ndege za kulipia ambazo swichi inaonekana, inabofyeka kwa kipanya, lakini kutoka nje huwezi kuifikia. Sasa hiyo ni ndege au ni picha ya ndege?

PuaJuu

LamiNdefu, tupia picha za hiyo paneli basi.

LamiNdefu

Nyaya zinaonekana. Nikizifunika nitatupia.

Injini_ya_Pili

Mmesahau jambo linalowaumiza wengi: kasi ya fremu, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde.

FSX ilikuwa ya biti 32, kwa hiyo hata uwe na RAM kiasi gani, yenyewe ilikomea GB 4. Mnakumbuka ilivyokuwa: umeruka kwa muda wa saa nane, umeshusha flapu, uwanja wa kutua una mandhari nzito, na hapo ndipo kumbukumbu inaisha na programu inajifunga. Prepar3D, simuleta ya Lockheed Martin, ilivuka kwenda biti 64 mwaka 2017 na X-Plane ilikuwa imeshavuka kabla yake. Ugonjwa huo ukaisha.

Uliobaki ni wa kiini kimoja. Unanunua prosesa yenye viini vingi, unafungua kipimo, unakuta kimoja kinatoka jasho na vingine vinapiga soga. Kadi ya grafiki ya bei mbaya nayo inasubiri. Ukishuka uwanja mkubwa wenye ndege nyingi, fremu zinaporomoka palepale unapozihitaji. Sasa tia miwani ya uhalisia pepe: ukitaka picha 90 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 11 tu za kuandaliwa, na ni kwa macho mawili. Hizi mbinu mpya za kubuni fremu za katikati zinalainisha picha, nakubali, ila usukani wako bado unajibiwa kwa mwendo wa fremu za kweli. Ukiwa unatua unalihisi.

Kizazi kijacho kikigawa kazi kwenye viini vyote kwa haki, mimi nitanunua hata kama mawingu ni ya 2006.

MamaPropela

Injini ya Pili hapo umegusa penyewe. Ninaongezea la sauti ya mnara. Waongoza ndege wanaokuja ndani ya simuleta bado wanaongea kama kaseti iliyokatwakatwa, na wanaweza kukuelekeza mlimani kwa adabu zote. Zipo nyongeza kama BeyondATC zinazotumia sauti za akili bandia na zinasikika vizuri. Natamani kitu kama hicho kije ndani, tena kijue milima iko wapi.

BawaKwaBawa

Dada, kwa hilo mbona VATSIM, mtandao wa waongoza ndege wa simuleta, ipo tangu 2001, na IVAO? Binadamu kamili, wanajitolea, bure. Ukikosea wanakurekebisha, na ukikosea vibaya unawasikia wakivuta pumzi.

MamaPropela

Ipo, naipenda. Lakini saa ninazopata mimi kuruka, mnara wa uwanja ninaoutaka huwa hauna mtu. Na wapo wanaoogopa kubonyeza kitufe cha redio mbele ya watu. Hao nao warukaje?

MgeniWaAnga

Wakubwa shikamooni. Nimesoma uzi wote, mengine yamenipita juu. Mimi nina kompyuta ya kawaida tu, haina kadi ya grafiki ya maana. Nisubiri hicho kizazi kipya kitoke ndio nianze, au?

KipangaMweupe

Marahaba. Usisubiri kabisa. Ni nadra kizazi kipya kuja chepesi kuliko kilichotangulia.

Pakua FlightGear. Ni ya chanzo huria, ipo tangu 1997, hulipi chochote, na mandhari ya eneo lako ukishayapakua unaruka hata intaneti ikikatika. Sura yake si ya kutambia watu, nakuambia mapema. Lakini ndani yake kuna JSBSim, mfumo wa hesabu za kuruka ambao hata watafiti wanautumia. Tafuta Cessna 172 humo. Usiende popote. Zunguka uwanja: paa, pinda, futi 1,000 juu ya ardhi, rudi sambamba na njia, punguza nguvu, pinda mara mbili, utue. Pua iinuke ukifika kasi ya kama noti 55 (maili za baharini kwa saa), ukija kutua shika 65. Ukiweza kuishika hiyo 65 bila kuwinda sindano juu na chini, utakuwa umejifunza kitu kitakachovuka nawe kwenye simuleta yoyote itakayotoka.

Injini_ya_Pili

Na kwenye mipangilio punguza kwanza umbali wa kuona vitu vya ardhini, kisha vivuli. Azimio la skrini liache mwisho, vioo visije vikawa havisomeki.

LamiNdefu

Mwanzisha uzi, jibu moja la wazi. Kikitoka, siku ya kwanza unanunua au hununui?

KipangaMweupe

Sinunui siku ya kwanza. Nasubiri marekebisho mawili matatu yapite, nasoma wajenzi wa ndege wanalalamika nini kuhusu vifaa vya kujengea, maana wao huona ufa kabla yetu. FlyByWire kwa mfano: walichukua ndege ya Airbus A320neo iliyokuja na simuleta ya 2020, wakaibomoa na kuijenga upya, wakaigawa bure. Kundi kama hilo likisema mlango umebanwa, nawaamini kuliko tangazo lolote. Kingine, ya zamani siifuti. Inabaki kwenye diski yake yenyewe na vifaa vyake vimefungwa, hadi mpya iruke safari zangu za kawaida bila kunidai kitu. Waliofuta mapema wanajuana.

PuaJuu

Mimi nitanunua siku ya kwanza niwaletee habari. Mtu lazima akae kwenye upau wa kupakia kwa niaba ya wengine.

MgeniWaAnga

Asanteni sana, naipakua sasa hivi. Swali la mwisho: pedali za miguu ni lazima, au joistiki peke yake inatosha?

MamaPropela

Joistiki inatosha mdogo wangu, ila chagua ile ambayo shina lake linazunguka kushoto na kulia, huko ndiko utakakoweka usukani wa mkia. Pedali utazitafuta mwenyewe siku ya upepo wa ubavuni, pua ikikataa kukaa kwenye mstari na mkono umeshachoka. Na kabla hujaruka, ingia kwenye mipangilio uweke eneo dogo la katikati lisiloitikia, vinginevyo ndege itatetemeka utadhani ni kosa lako.